Stendi ya mbao ya tangi kubwa la samaki: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mwenye tangi dogo la lita 60 analiweka popote, hata juu ya kabati la vyombo, na maisha yanaendelea. Maswali huanza siku mtu anaponunua tangi la futi sita. Mengi ya haya nimeulizwa na jamaa wa Dar es Salaam, wengine wa Mombasa na Mwanza, na mawili matatu nilijiuliza mwenyewe kwa kuchelewa. Ili tusichanganyane, kila hesabu hapa chini ni ya tangi la kioo la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, ambalo kwa lugha ya mafundi ni futi sita kwa mbili kwa mbili.

Tangi la ukubwa huo lina uzito gani hasa?

Maji ndiyo rahisi kuhesabu: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1,000, upate lita. Lita moja ni kilo moja. Hapa inakuja 648 likijaa hadi mdomoni, na kwa kuwa hakuna anayejaza hadi mdomoni, chukua 600.

Kioo watu hukisahau. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 12 ni kilo 30, na tangi hili lina karibu mita nne za mraba ukijumlisha pande zote na chini. Hizo ni kilo 120 kabla ya tone la maji. Mchanga wa kina cha sentimita tano ni kama kilo 85. Mawe, kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika au mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao bila mawe hawana raha, weka kilo 60. Mchanga na mawe husukuma maji yatoke, kwa hiyo usijumlishe vyote kichwa kichwa. Mimi nikimaliza kujumlisha na kutoa huwa napata zaidi kidogo ya 800, halafu naandika 850 ili nilale usingizi.

Kilo 850 ni mifuko 17 ya saruji. Ukitaka kuelewa unachokijenga, nenda duka la vifaa vya ujenzi ukaangalie mifuko 17 ilivyopangwa, halafu ujiulize kama ungeiweka sebuleni juu ya ile meza ya TV.

Kwa uzito huo si lazima nitumie mbao ngumu, mkongo au mninga?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mbao ikisimama wima haina shida na uzito. Kipande kifupi cha inchi mbili kwa nne cha paini ya kawaida, kikikatwa mraba na kusimama sawasawa, kwenye hesabu hubeba zaidi ya tani moja peke yake. Stendi yetu ina miguu sita. Uzito wenyewe si adui.

Adui wako ni watatu: kupinda kwa mbao iliyolala, kuyumba kwa fremu nzima, na maji. Mkongo uliounganishwa vibaya utayumba vilevile, tena utakuwa umekugharimu.

Paini inayouzwa Dar, nyingi ikitoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, inatosha kabisa. Kenya mafundi watakupa saiprasi, nayo ni sawa. Mninga una sifa moja ya kweli inayofaa kwa tangi: ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana hewa ikibadilika, na ndiyo maana milango yake haigomi masika. Kama una fedha na unataka stendi iwe samani ya kuonyesha wageni, tumia mninga kwa milango na uso wa mbele, mifupa ya ndani iwe paini. Kumbuka tu kwamba mninga na mkongo ni miti ya asili ambayo huvunwa kwa kibali, kwa hiyo nunua penye risiti, si kwenye toroli linalopita jioni. Mkaratusi mimi siutaki. Ni mgumu, ndiyo, lakini hujinyonga unapokauka, na stendi iliyojinyonga ni tangi linalovuja.

Nichague vipi mbao nikifika kiwandani au kwenye banda la mbao?

Usimtume fundi peke yake. Nenda naye, inua kila mbao, weka jicho kwenye ncha moja uangalie hadi ncha ya pili kama unalenga shabaha. Iliyopinda kama upinde unaweza kuisamehe ukiwa utaikata vipande vifupi. Iliyojinyonga kama parafujo irudishe, hiyo hainyooshwi na randa wala na maombi. Fundo kubwa katikati ya mbao ndefu likatae. Vumbi laini la unga linalodondoka kwenye vitundu vidogo maana yake wadudu wamo kazini.

Jambo kubwa ni ukavu. Mbao nyingi za bandani zimekatwa juzi. Utaijua kwa mkono: ni nzito kuliko unavyotarajia, na ukiishika ndani ni baridi. Ipeleke nyumbani, ipange kivulini, vijiti katikati ya kila mbao hewa ipite, uiache wiki tatu au zaidi. Mafundi hawapendi hili kwa sababu wanataka wamalize wachukue chao. Lakini mbao mbichi ikikaukia ndani ya stendi yenye tangi juu, viungo hulegea na huwezi tena kuvigusa.

Na upime mwenyewe. Mbili kwa nne ya bandani si inchi mbili kwa nne kamili, na ikishapigwa randa inapungua zaidi. Usikate kipande kwa vipimo vya jina, kata kwa vipimo vya futi ya chuma.

Nahitaji mbao ngapi?

Kwa mpango ninaoutumia, mbao za futi 12:

Mbili za mbili kwa sita. Ya kwanza inatoa vipande viwili vya sentimita 180, ambavyo ni reli ndefu za juu, na zinabaki kama sentimita sita tu. Kwa hiyo ichague isiyopasuka nchani, maana ncha zikiwa na ufa huna pa kukatia. Ya pili inatoa vipande vitano vya sentimita 50 vya kukatiza kati ya reli hizo.

Tatu za mbili kwa nne. Moja kwa reli mbili za chini. Nyingine mbili zinatoa miguu sita ya sentimita 48, vipande vitatu vya kukatiza chini, na vishikizi vinne vya kama sentimita 60 vya kuunganisha miguu na fremu kwa ndani. Nunua moja ya ziada. Fundi akikwambia haihitajiki, nunua mbili.

Plaiwudi moja ya milimita 18, ya futi nane kwa nne. Ikipasuliwa katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya upana wa karibu sentimita 61: kimoja ni uso wa juu, cha pili ni rafu ya chini. Mabaki yake mawili ya kama sentimita 60 kwa 64 hayatupwi, yanakwenda ubavuni kuzuia kuyumba. Mgongoni weka karatasi ya plaiwudi nyembamba zaidi, milimita tisa inatosha.

Ukijumlisha fremu ya chini, miguu, fremu ya juu na plaiwudi, kimo kinakuja karibu sentimita 75.

Kwa nini reli za juu ziwe mbili kwa sita? Fundi anasema mbili kwa nne zinatosha.

Inategemea kama kuna mguu wa katikati. Chukua mbili kwa nne ya paini, isimame kwa ubavu wake mwembamba, inyooshwe sentimita 180 bila mguu wa katikati, ibebe nusu ya tangi letu. Itabonyea katikati kwa karibu sentimita moja. Haitavunjika, na ndiyo maana fundi anakuhakikishia. Lakini kioo hakibonyei. Mbao ikishuka katikati, tangi linabaki limeegemea ncha mbili, na mzigo wote unahamia kwenye silikoni ya kona.

Ukiweka mguu katikati, kubonyea huko kunashuka hadi chini ya milimita moja, kwa sababu ukigawa urefu nusu, mbao inapinda mara 16 pungufu. Ukitoka mbili kwa nne kwenda mbili kwa sita, ugumu unaongezeka zaidi ya mara tatu. Na ukiilaza mbili kwa nne chali, kama nilivyoona kwenye stendi moja iliyotengenezwa vizuri sana kwa nje, inapinda mara nne zaidi ya ikisimama. Mbao ni ileile na fedha ni zilezile, ila imelazwa.

Mimi naweka vyote viwili, mguu wa katikati na mbili kwa sita. Ni kutia chumvi, nakubali. Tofauti ya bei ni mbao mbili.

Skurubu, misumari au viungo vya tundu na ulimi?

Swali zuri zaidi ni hili: uzito unapita wapi? Ufuate kwa kidole toka kioo hadi sakafu. Kioo kinakaa juu ya plaiwudi, plaiwudi juu ya reli, reli juu ya kichwa cha mguu, mguu juu ya reli ya chini, reli juu ya sakafu. Ni mbao juu ya mbao mwanzo mwisho. Kama mahali popote kidole chako kinalazimika kupita kwenye skurubu ili kiendelee, yaani reli imebandikwa ubavuni mwa mguu na kuning'inia kwa skurubu, hapo pamekosewa. Skurubu kazi yake ni kushikilia vitu visihame. Si kazi yake kubeba.

Ukilijenga hivyo, skurubu na gundi nyeupe ya mbao vinatosha. Toboa kwanza kwa drili tundu jembamba, hasa karibu na ncha, la sivyo paini inapasuka. Tundu na ulimi ni kazi nzuri na mafundi wa zamani wa Keko, Dar, wanaifanya kwa patasi hadi unapenda kutazama, lakini si lazima. Misumari mitupu sipendi: mbao ikisinyaa, msumari huanza kutoka wenyewe taratibu.

Kwa mtu wa pwani, skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au zenye zinki. Ile nyeusi ya jipsamu ni rahisi kuvunjika kichwa, na hewa ya chumvi inaila.

Kuyumba unakokusema ni kupi? Stendi yangu nikiikalia haitikisiki.

Usiikalie. Isukume ubavuni, juu, kwa kiganja kimoja, kama unavyosukuma mlango mzito. Ikienda na kurudi hata kidogo, hiyo ndiyo hatari.

Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya tangi la futi nne. Ilikuwa na miguu minne, fremu juu na chini, haina kitu mgongoni kwa sababu nilitaka hewa ipite na waya zionekane. Fundi aliipiga kofi akasema, "Kaka, hii hata ng'ombe atalala." Nikaamini. Nikaanza kujaza maji kwa mpira jioni moja, nikaenda jikoni. Niliporudi tangi lilikuwa limefika nusu. Mwanzo kati ya stendi na ukuta kulikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Sasa juu palikuwa na vidole viwili na chini kimoja. Hakuna kilichovunjika wala kulia. Ilikuwa imeinama tu, kimya, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Niliyatoa maji kwa ndoo hadi saa tano usiku, nikiwa nimeegemeza bega upande mmoja, mke wangu akichota.

Kesho yake fundi alipigilia plaiwudi mgongoni na ubavuni, na stendi ileile, kwa miguu ileile, ikakaa miaka. Umbo la pembe nne hukubali kusukumwa likawa mshazari. Karatasi ya plaiwudi iliyopigwa skurubu kila sentimita 15 pembeni kote hairuhusu hilo. Kama hutaki plaiwudi, weka mbao za mshazari kona hadi kona. Lakini upande wa mgongo na mbavu zote mbili lazima pawe na kimojawapo. Mbele tu ndiko unakoweza kuacha wazi kwa milango, na milango haihesabiki, hata iwe mizito vipi.

Naweza kutumia MDF au chipbodi, zile mbao za unga au chembe za mbao zilizogundishwa? Ni nyororo na ni rahisi.

Kwa mlango ulioziba vizuri kwa rangi, sawa. Kwa kitu chochote kinachobeba, hapana. Tangi likiwa salama kabisa bado utamwaga maji: unabadilisha maji, unatoa chujio, mkono wako unachuruzika. Chipbodi ikinywa maji inavimba kama andazi kwenye chai, na haikauki ikarudi. Paini ikilowa itakauka.

Hili linahusu pia makabati ya dukani yaliyobandikwa sura ya mbao. Mengi ndani ni chipbodi.

Juu ya stendi niweke tandiko la stairofomu au la?

Matangi yetu mengi yanayogundishwa na mafundi wa vioo hayana fremu ya plastiki chini, kioo cha chini kinakaa chote juu ya meza. Haya yanahitaji kitu laini katikati: stairofomu ya sentimita moja au mbili, au mkeka wa mazoezi. Punje moja ya mchanga iliyobaki kati ya kioo na mbao ngumu inatosha kuanzisha ufa. Ile stairofomu ya boksi la TV inafaa kama ni bapa na ya unene mmoja. Usiunganishe vipande vya unene tofauti.

Matangi ya kiwandani yenye fremu ya plastiki, ambayo kioo cha chini kimeinuliwa kidogo, hayo hukaa kwa kingo zake. Usiyawekee stairofomu, itasukuma kioo cha chini juu. Soma karatasi iliyokuja na tangi.

Na laini hilo si dawa ya meza iliyopinda. Linasamehe punje na mikwaruzo. Reli iliyoshuka milimita tano haliisamehe.

Sakafu yangu si sawa. Nifanyeje?

Karibu kila sakafu ya vigae huku kwetu imeinamishwa kidogo kuelekea mlangoni au kwenye tundu la maji, ili mtu akideki maji yatoke. Kwa hiyo usidhani sakafu yako iko sawa kwa kuwa inang'aa.

Weka stendi tupu mahali pake, pima kwa pimamaji kwa urefu, kwa upana na kona hadi kona. Pimamaji fupi hudanganya kwenye urefu wa sentimita 180, kwa hiyo iweke juu ya mbao iliyonyooka, au fanya kama mafundi ujenzi: mpira mwembamba unaoonyesha, uliojaa maji bila povu, ncha moja kila upande. Maji hayajawahi kudanganya mtu.

Pengo likiwapo, weka kabari ngumu chini ya reli ya chini, si chini ya tangi. Zisiwe kwenye kona tu. Weka kila penye mguu juu yake, ukianza na ule wa katikati, maana huo ndio watu huuacha ukining'inia hewani. Kadibodi iliyokunjwa si kabari.

Ukikosea kidogo, maji yenyewe yatakuonyesha: utaona upande mmoja uko juu zaidi ya mwingine ukilinganisha na ukingo wa kioo. Milimita mbili tatu kwa urefu wote zinakera macho tu. Sentimita moja, toa maji uanze upya.

Naishi ghorofani. Ni salama?

Hapa siwezi kukujibu ndiyo au hapana bila kuiona nyumba, na yeyote anayekujibu hivyo kwa simu muogope. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba kama mzigo wa watu na samani. Wewe unakuja na karibu tani moja, ukijumlisha stendi na chujio, kwenye eneo la mita moja ya mraba. Zege husambaza mzigo, kwa hiyo si kwamba itatoboka, lakini mahali unapoliweka pana maana kubwa. Kando ya ukuta unaobeba nyumba, au juu ya boriti ya zege, ni afadhali mno kuliko katikati ya chumba. Muulize mhandisi, na mwenye nyumba ajue kabla, si baada.

Nyumba ya chini yenye zege lililomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa haina wasiwasi mkubwa. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini kwenye nyumba za sakafu ya mbao, tangi likatize boriti za sakafu, lisilale sambamba juu ya boriti moja.

Mchwa je?

Mchwa wengi hawapandi mbao kavu ya ndani bila njia. Wanajenga ule ukanda wao wa udongo kutoka chini au ukutani. Acha nafasi ya mkono kati ya stendi na ukuta ili uone, na kila mwezi mulika tochi nyuma na chini. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani za kuezekea, zinafaa kwa fremu ya chini. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba ndani yake, na shaba ni sumu kwa kamba na konokono wa tangini, kwa hiyo vumbi la msumeno lisikaribie maji na vipande vyake usivitumie kama mapambo ndani ya tangi. Usivichome jikoni pia.

Tukiwa hapo hapo: usipulize dawa ya mbu au ya mchwa karibu na tangi lenye samaki. Dawa nyingi za kupuliza ni kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja ndani ya maji. Zima pampu, funika tangi, au bora zaidi, acha chandarua kifanye kazi yake.

Nipake nini?

Piga msasa, paka vanishi ya kuzuia maji tabaka tatu, ukizingatia ncha zilizokatwa kwa sababu mbao hunywa maji kwa ncha kama mrija. Paka ndani na chini pia, si mbele tu. Rafu ya chini naipaka rangi ya mafuta, kisha naziba kona zote kwa silikoni iwe kama sinia. Maji yakimwagika nayaona, hayajifichi.

Acha ikauke hadi harufu iishe kabisa kabla ya kuleta samaki. Kwa Dar ya kiangazi wiki moja, masika zaidi.

Chujio langu la chini litaingia?

Pima kabla ya kukata mbao. Nimeona mtu akijenga stendi nzuri kuizunguka sampu yake, yaani lile tangi dogo la chujio linalokaa chini, akagundua baadaye kuwa haiwezi kutoka bila kutoa tangi juu. Kwa mpango wetu, mguu wa katikati mbele unaacha uwazi wa kama sentimita 75 kila upande na kimo cha sentimita 46 hivi baada ya rafu. Sampu ya urefu wa 70 na kimo cha 35 inapita, na mkono wako bado unapata pa kuingia. Ukitaka sampu ndefu zaidi, ondoa mguu wa mbele wa katikati na uweke reli ya mbele ya mbili kwa nane. Mguu wa nyuma ubaki.

Kisha fikiria umeme ukikatika. Pampu inasimama, na maji yaliyo juu ya ukingo wa kumwagia yote yanateremka kwenye sampu. Sampu ikiwa imejaa, yanaishia kwenye mbao zako. Jaribu mwenyewe mchana: chomoa pampu, subiri, ona yanafika wapi, weka alama kwa kalamu. Hiyo ndiyo kiwango chako cha juu.

Soketi iwe juu, ubavuni ndani ya stendi, na kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ufanye tumbo. Tone linalofuata waya litadondokea kwenye tumbo hilo badala ya kuingia soketini.

Je, 75 si fupi? Nataka niwaone samaki nikiwa nimesimama.

Tangi la 60 juu ya stendi ya 75 linafika sentimita 135, na mkono wako unatakiwa ufike chini kabisa kupanga mawe. Simama upime kimo cha kwapa lako. Wengi wetu tayari tutahitaji kigoda. Kila sentimita unayoongeza unaongeza pia urahisi wa kuanguka, na kama nyumba ina watoto wanaopenda kuning'inia, ifunge stendi ukutani kwa vibano viwili vya chuma.

Nikishamaliza, naweka samaki lini?

Jaza robo, subiri saa moja, zunguka na tochi na kipimo. Nusu, subiri tena. Robo tatu, lala. Kesho jaza. Kabla ya kuanza vuta uzi mbele ya reli ya juu toka ncha hadi ncha, uone umbali wake na mbao katikati, halafu linganisha tangi likijaa. Liache na maji matupu wiki nzima. Mlio mmoja wa "tak" siku ya kwanza ni mbao inakaa. Mlio unaojirudia si wa kusubiri.

Mawe yakae juu ya kipande cha plastiki chini kabisa, mchanga uje baadaye. Samaki wa maziwa yetu wanachimba kama wana mkataba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litalala juu ya kioo.

Nimepanga. Nikihama?

Basi usitumie gundi kwenye viungo vyote. Fremu ya juu iwe kitu kimoja chenye gundi, ya chini vivyo hivyo, na miguu ifungwe kwa bolti na washa zinazofunguliwa kwa spana. Plaiwudi za mgongo na mbavu zipigwe skurubu bila gundi. Ziandike namba kwa penseli ndani, kushoto na kulia, kwa sababu mashimo hayatalingana ukizibadilisha. Na kabla hujasaini mkataba wa nyumba mpya, nenda na futi ya chuma ukapime mlango na kona ya ngazi. Stendi inafunguka. Tangi halifunguki.